Málaga masaa machache: niingie makumbusho ya kasri la forodha au niende kwa Picasso tu?

Baharia wa Likoni

Salaam aleikum wenzangu, na wengine wote hamjambo. Mimi nafanya kazi jikoni kwenye meli ya watalii, na msimu huu ratiba yetu inapita Málaga, kusini mwa Hispania. Tukifunga gati nashuka abiria wakishamaliza chakula cha asubuhi, na natakiwa niwe nimerudi melini saa tisa na nusu mchana, sasa ukitoa mwendo wa kwenda na kurudi unabakiwa na masaa matatu, ukibahatika manne. Wenzangu wengi wakishuka wanatafuta waifai waongee na watoto nyumbani, wananunua sabuni na dawa ya mswaki, wanarudi kulala, na siwalaumu maana kazi ya jikoni ya meli inachosha si mchezo. Lakini mimi tangu utoto mambo ya kale yananivuta, Fort Jesus nimeingia mpaka walinzi wakawa wananijua kwa jina, na nikifika mji wa watu nataka kujua hawa watu wametokea wapi.

Sasa nikiangalia ramani naona karibu kabisa na bandari kuna jumba kubwa la mraba linaitwa Palacio de la Aduana, yaani kasri la forodha, na ndani yake ndio makumbusho ya mkoa wa Málaga, sanaa na akiolojia pamoja. Lakini kila ninayemuuliza hapa melini ananiambia Málaga ni Picasso, yule mchoraji maarufu, nenda kwenye makumbusho yake, kwingine utapoteza muda. Nani kati yenu amewahi kuingia kwenye hilo kasri? Kuna vitu vya Waislamu wa zamani wa Andalusia au ni picha za watakatifu toka mlangoni mpaka juu? Na mtu mwenye pasi ya Kenya analipa ngapi, maana nimesoma raia wa Umoja wa Ulaya wanaingia bure. Safari ijayo tunafika Jumapili, na Jumapili sijui kama wanafungua. Shukran sana kwa atakayenijibu.

Mama Zuu, Granada

Waaleikum salaam kaka. Mimi Mtanzania, naishi Granada, na Málaga nashuka kwa basi nikipata nafasi kwa sababu nikikaa muda mrefu bila kuona bahari roho haitulii. Hilo kasri ingia, wala usijiulize.

Kwanza maswali yako. Sisi wenye pasi za kwetu tunalipa yuro 1.50, basi, hata chai ya hapo nje inazidi. Jumatatu wamefunga. Jumapili wanafungua saa tatu asubuhi wanafunga saa tisa mchana, kwa hiyo Jumapili inakufaa kabisa, ila angalia tena tovuti yao siku mbili kabla maana sikukuu za Wahispania ni nyingi na saa hubadilika. Kutoka gatini fuata njia ya baharini, utapita yale maduka ya Muelle Uno, halafu bustani ya mitende, kwa mguu ni kama nusu saa ikiwa meli imefungwa gati la mbali. Jumba lenyewe huwezi kulikosa, liko chini ya kilima cha Alcazaba, ile ngome ya kale ya Waislamu, na mitende imelizunguka.

Ukiingia unatokea uani, ua mkubwa wa wazi una matao pande zote nne, na watu wanapita kama ni njia tu ya mji. Pale utakutana na mwanamke wa marumaru hana kichwa. Wanamuita Bibi wa Forodha. Ni sanamu ya Kirumi, ilipatikana wakati wanachimba msingi wa jumba hilihili, yaani walikuwa wanataka kujenga ofisi ya kukusanya ushuru wakamkuta amelala chini muda wote huo. Msogelee uangalie nguo yake. Fundi amechonga kitambaa cha juu kinapita begani kikavutwa tumboni, na chini yake unaona mikunjo ya gauni la ndani, jiwe juu ya jiwe lakini jicho linaona nguo mbili tofauti, moja nzito moja nyepesi. Mimi mama yangu alikuwa mshonaji, na nilisimama pale kwa muda maana sikuelewa mtu anapataje ule mkunjo kwa patasi.

Ghorofa ya kwanza ni picha za kuchora, ya pili ni akiolojia. Ushauri wangu anzia juu. Watu wote wanaanza na picha halafu wakifika juu miguu imekwisha wanapita mbiombio, na juu ndio kuna kile unachokitafuta. Utawakuta Wafoinike, wale mabaharia kutoka Tiro, Lebanoni ya leo, ambao ndio walioanzisha mji na kuuita Malaka, halafu Warumi, halafu Waislamu miaka zaidi ya 700 mpaka mji ulipotekwa 1487. Usipite kaburi la askari. Hilo lilipatikana 2012 tu, katikati ya mji mtaa wa Jinetes, wakati wa kuchimba kabla ya ujenzi, mtu wa karne ya 6 kabla ya Kristo amezikwa na mkuki na kofia ya vita ya shaba ya Kigiriki. Mji wa Wafoinike, kofia ya Wagiriki, na aliyevaa hawajui kwa hakika alikuwa mtu wa wapi. Kofia yenyewe ni nyembamba kuliko unavyodhani, imeunganishwa vipande vipande, na macho yale mawili matupu yanakutazama. Na kuna mosaiki ya Venus anazaliwa kutoka kwenye kombe, imetoka Cártama, mji mdogo wa jirani, vijiwe vidogo vidogo kama punje za mtama vimepangwa mpaka unaona ngozi.

Chini kwenye picha, watakatifu wapo kaka sikufichi, lakini nyingi ni za karne ya 19 na ni mambo ya watu, bahari, masoko, ajali, wagonjwa. Ile ambayo kila mtu anasimama ni ya Enrique Simonet ya mwaka 1890, kubwa inakaribia mita 3 kwa upana. Daktari mzee mwenye ndevu nyeupe yuko chumba cha maiti, mbele yake amelala binti mdogo amefariki, nywele ndefu zimening'inia nje ya meza, na yule mzee ameshika moyo wa binti mkononi anautazama. Watu wa Málaga wanaiita "Na alikuwa na moyo!" Mimi ni nesi. Nimeona wengi wakiondoka, na ile picha haina kitu cha kutisha, kuna heshima ndani yake, mwanga wa dirishani unaingia pembeni na ule mkono wa mzee umetulia. Ila ukiwa na watoto wadogo jua kwamba binti yule amefunikwa shuka nusu tu.

Tanga Kwetu

Mimi nitapingana kidogo na dada yangu hapo juu. Kama una masaa matatu na hujui kama utarudi tena, Picasso alizaliwa mji huo, 1881, kwenye uwanja wa Merced, na ile ni makumbusho ya mtu mmoja, unaingia unatoka umeelewa kitu. Hilo kasri lina vitu vingi mno, wenyewe wanasema akiolojia peke yake ni zaidi ya vipande 15,000 na sanaa zaidi ya 2,000, japo vyote havijatandazwa. Nilitoka humo kichwa kinazunguka, vigae vya Wafoinike na vigae vya Warumi vyote vimechanganyika kichwani. Mwenye muda mfupi aende pa kitu kimoja.

Mama Zuu, Granada

Nakuelewa Tanga Kwetu na hujakosea, ukiingia bila mpango linakumeza. Lakini hebu niwaambie kitu kuhusu hizo makumbusho mbili, maana habari zake ni moja.

Makumbusho ya Picasso ya leo yako Palacio de Buenavista, na tangu 1961 humo ndimo zilimokuwa picha za makumbusho ya mkoa. Mwaka 1997 zikatolewa ili nyumba itengenezwe kwa ajili ya Picasso, iliyofunguliwa 2003. Na vitu vya akiolojia vilikuwa Alcazaba, navyo vikaondolewa miaka hiyohiyo. Sasa picha na vyungu vya mkoa mzima vikafungwa kwenye masanduku vikaenda stoo, na kasri la forodha wakati huo lilikuwa ofisi za serikali kuu. Watu wa Málaga wakaingia barabarani. Maelfu waliandamana na mabango yanasema Aduana iwe ya Málaga, waalimu, wachoraji, wazee, wanafunzi, wakawa hawaachi, mwaka unaingia mwaka unatoka. Ikaja kufunguliwa Disemba 2016. Fikiria mtoto aliyezaliwa mwaka zilipofungiwa picha, amekua, amemaliza shule, hajawahi kuiona ile picha ya daktari na moyo ambayo bibi yake alikuwa akimsimulia. Siku walipofungua foleni ilizunguka jumba.

Kwa hiyo ukiingia pale Jumapili utaona wazee wa Kihispania wanawashika wajukuu mkono wanawaonyesha picha moja moja kama wanawatambulisha kwa ndugu. Kwa Picasso utawaona watalii, ambayo siyo vibaya, na mimi Picasso nampenda. Lakini aliyeuliza kasema anataka kujua watu wa mji ule wametokea wapi.

Na Picasso mwenyewe huwezi kumuelewa vizuri bila lile kasri. Baba yake, José Ruiz Blasco, alikuwa mchoraji wa njiwa na mwalimu wa kuchora, picha yake ya banda la njiwa imo humo. Muñoz Degrain aliyekuwa rafiki wa baba na baadaye mwalimu wa kijana, picha zake ni nyingi sana humo. Uone alikoanzia ndio uone alivyovunja.

Mwalimu wa Shangani

Asalaam aleikum jamaa. Nimesoma mazungumzo haya nikaona nisipite kimya, maana kuna mtu mmoja anayeunganisha Likoni na lile kasri na hajatajwa.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Mwaka 1331 alishuka pwani yetu akitokea Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao imejengwa vizuri, na kila mlango wa msikiti una kisima na chombo cha kutekea, mtu anaosha miguu na kujifuta kwenye mkeka ndio anaingia. Kesho yake akaendelea Kilwa, akakuta sultani Al-Hasan bin Sulaiman, mtu mkarimu aliyemvulia masikini nguo zake mwenyewe akampa, na Kilwa akaisifu ni katika miji mizuri kabisa duniani. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa, lile lililo juu ya jabali lina hodhi la pembe nane, magofu yake mpaka leo yapo yanatazama bahari.

Sasa mtu yuleyule, karibu miaka 20 baadaye, yuko Málaga. Anaingia msikiti mkuu, anasifu ua wake na michungwa yake, na anamkuta kadhi amekaa na wakubwa wa mji wanakusanya fedha za kuwakomboa Waislamu waliotekwa pwani siku hizo. Anaandika kuhusu zabibu za sokoni bei rahisi, makomamanga mekundu kama yakuti, na tini zinazopelekwa mashariki na magharibi. Halafu anasema Málaga wanatengeneza vyombo vya ajabu vya udongo vilivyopakwa dhahabu, na vinasafirishwa mpaka nchi za mbali. Ule msikiti haupo, mahali pake lipo kanisa kuu, dakika chache kutoka kasrini. Michungwa imebaki. Na vyombo vimebaki, ghorofa ya pili, ndivyo anavyoviuliza Baharia.

Niseme vinavyotengenezwa maana ukijua utaviangalia kwa jicho jingine. Siyo dhahabu. Fundi anafinyanga bakuli, analichoma, analipaka rojo jeupe lenye bati ndani yake, analichoma tena, linatoka jeupe linang'aa. Hapo wengi wangeridhika. Yeye anachukua fedha na shaba zilizosagwa, anachanganya na udongo mwekundu na siki, anachora juu ya ule weupe, maua, maandishi, wanyama kama swala, majani, halafu bakuli linaingia tanuri mara ya tatu kwa moto mdogo. Na sasa ndio ufundi, tanuri linazibwa, kuni zinatiwa za moshi, hewa inakosekana, na ule moshi unanyonya pumzi iliyomo kwenye rangi mpaka inabaki fedha tupu na shaba tupu, utando mwembamba sana umeshikana na kioo. Likitoka limeparara jeusi, ovyo. Analisugua kwa kitambaa, na dhahabu inatokea. Moto ukizidi kidogo, kazi yote imeharibika. Ukipungua, rangi haishiki. Hakukuwa na kipimajoto, jicho na pua tu.

Kwa hiyo kaka ukifika kwenye kabati hilo usisimame mbele moja kwa moja. Inama kidogo, sogea kulia, sogea kushoto. Rangi inageuka, mahali palipokuwa hudhurungi panawaka, hata vipande vilivyovunjika vinafanya hivyo baada ya miaka 600 na zaidi.

Mimi hapa kwetu naishi karibu na makasri, kwa hiyo jambo la jumba la kale kugeuzwa makumbusho linanigusa. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, tumekua tunaiona, tumeingia humo kuona jahazi la mtepe lililoshonwa kwa kamba, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ikaanguka, watu wawili wakafariki. Nilikwenda kusimama Forodhani siku ile kama wenzangu wote. Jumba la kale linataka watu wanaolidai kila siku, na nikisoma habari ya watu wa Málaga kutembea barabarani miaka yote ile kwa ajili ya masanduku yaliyofungwa, nawaheshimu sana.

Mchora Ramani, Dar

Nami niongeze la jengo lenyewe kwa sababu watu wanaangalia kabati wanasahau kuangalia juu. Ujenzi ulianza 1791, ukakwama Wafaransa walipoivamia Hispania, ukamalizika 1829. Wakati ule bahari ilikuwa karibu zaidi, bandari ilikuwa inaishia hapo mbele, mizigo inashushwa inaingia kukaguliwa. Ndio maana milango ya chini ni mipana na uani ni pakubwa, siyo kwa fahari, ni kwa mapipa na magunia. Jengo la forodha likiwa zuri hivi unajua mji ulikuwa unaishi kwa bandari, watu wa Zanzibar na Mombasa hilo hawahitaji kufundishwa.

Usiku wa Aprili 26, 1922 likaungua. Ghorofa za juu zilikuwa na familia za wafanyakazi zinaishi humo, ngazi zilikuwa za mbao, watu 28 walikufa, wengine waliruka madirishani. Paa lote likaanguka, na lilirekebishwa kwa namna ya kujishikiza likabaki hivyo miongo mingi, jengo kama limekatwa kichwa. Kwenye ukarabati wa mwisho wakarudisha paa la mteremko lakini hawakuigiza vigae vya zamani, wametumia alumini iliyosubiwa yenye nakshi za majani. Kuna waliochukia. Mimi naona wamefanya vizuri, wamerudisha umbo bila kudanganya kwamba kitu ni cha kale wakati siyo. Ukipanda Alcazaba utaliona paa hilo kutoka juu, jua likilipiga linabadilika rangi, na ukisoma alichoandika Mwalimu kuhusu vyombo utaona uhusiano, sijui kama walikusudia.

Baharia wa Likoni

Wallahi sikutegemea majibu namna hii, nimesoma kwa simu mapumzikoni mpaka nikachelewa zamu. Ya Ibn Battuta kulala Mombasa nilifundishwa shule, lakini kwamba mtu yuleyule amekanyaga Málaga na vyombo alivyovisifu vimo kabatini, hiyo sikujua kabisa. Asante Mwalimu, asante Mama Zuu, na ndugu wa Dar.

Nimeamua naenda kasrini. Sasa nisaidieni ratiba. Nitatoka gatini kama saa nne na robo. Na nitakuwa na mwenzangu mmoja, Mpemba, yeye vyungu havimsisimui lakini ngome na kuta anapenda, hiyo Alcazaba iliyo juu itawezekana siku hiyohiyo? La pili ni chakula, tutakula nini ambacho hatutakuwa na wasiwasi nacho, maana huko nguruwe kila mahali. La tatu, picha wanaruhusu?

Tanga Kwetu

Haya mmenishinda, nikienda tena nitaanzia juu kama alivyosema Mama Zuu. Kuhusu mwenzako Mpemba, mpeleke chini ya Alcazaba kwenye ukumbi wa maigizo wa Warumi, ule wa ngazi za mawe, uko jirani kabisa na kasri na unauona hata ukiwa barabarani bila tiketi. Uligunduliwa 1951, mamia ya miaka watu walikuwa wanatembea juu yake hawajui. Na pale mbele kuna piramidi ya kioo chini sakafuni, ukichungulia utaona mahodhi walimokuwa wakitia samaki na chumvi. Nyie watu wa ng'onda mtaelewa haraka kuliko watalii wote waliosimama hapo.

Mama Zuu, Granada

Ratiba yenu iko hivi kaka. Saa nne na robo mnatoka, saa tano kasoro mko mlangoni. Pandeni juu moja kwa moja, lifti ipo. Wafoinike na kaburi la askari, msisome kila kibao, nenda kwenye mosaiki ya Venus, halafu mkae kwa Waislamu, hapo ndipo mtumie muda, zaidi ya vyombo kuna vigae vya ukutani na mawe ya makaburi yenye maandishi, na wewe unayesoma Kiarabu utasoma majina ya watu ambayo mtalii wa kawaida anapita anaona nakshi tu. Saa sita na nusu shukeni kwenye picha, Simonet, njiwa wa baba Picasso, Muñoz Degrain, mkitaka zipiteni zile za watakatifu. Saa saba na robo mko nje.

Alcazaba Jumapili kuanzia saa nane mchana ni bure, lakini kwa saa yenu ya kurudi itawabana, kupanda tu na kushuka ni saa nzima na meli haisubiri mtu. Kama Mpemba haoni shida kulipa, yeye apande Alcazaba mapema wakati wewe uko kwa vyungu, mkutane uani kwa yule Bibi asiye na kichwa, hakuna anayepotea hapo. Safari nyingine mkifika siku ya kazi badilishaneni.

Chakula, mle espeto. Ni dagaa wakubwa, sadini, wanachomekwa sita saba kwenye kijiti wanachomwa pembeni ya moto wa kuni, ufukweni, na mkaa wanauweka ndani ya mtumbwi wa zamani uliojazwa mchanga. Chumvi tu, hakuna kingine. Ufukwe wa Malagueta uko upande huohuo wa kurudi gatini. Ukiagiza sema sadini za kijiti na maji, utakula kwa vidole kama nyumbani. Supu na maharage yao achana nayo, mara nyingi yamepikwa na nyama usiyoitaka hata kama haionekani.

Picha piga, ila flashi zima.

Mwalimu wa Shangani

Baharia, kwenye vyombo vya dhahabu nina ombi. Nipigie picha ya bakuli pamoja na kibao chake, na kama kuna kipande kilichovunjika piga ubavuni pale palipokatika ili ionekane udongo, ule weupe, na rangi juu, tabaka tatu. Nina darasa la kidato cha pili tunafika kwa Ibn Battuta muhula ujao na nataka wanafunzi waone kitu, siyo aya tu. Mama Zuu nawe, kama unapita Alhambra hapo kwenu, kwenye kasri la Carlos V kuna mtungi mkubwa wenye picha za swala, yule mnyama, unakaribia kifua cha mtu mzima, wa kazi ya aina hiyohiyo, na wataalamu wengi wanauhusisha na mafundi wa Málaga. Huo nao nauomba.

Mama Zuu, Granada

Mwalimu shikamoo. Mtungi naujua, uko ghorofa ya chini, makumbusho ya Alhambra yenyewe, na kuingia hapo hakuna malipo. Una mkono mmoja tu, mwingine ulivunjika zamani. Nitakwenda wiki hii nikitoka zamu ya usiku, nipige pande zote mbili, upande wa swala na upande wa mkono uliovunjika.

Baharia wa Likoni

Mwalimu umepata, nitainama nipige ubavuni kama ulivyosema. Mpemba nimemsomea, amekubali kulipa Alcazaba, na sadini amezikubali kabla sijamaliza kusoma.